Nilikataa Kulala Chali

Kama umetoka hospitali na nywele zako ni nyeupe, jihadhari na watu wanaokupenda. Mimi kiharusi kilinipiga nikainuka, kidonda kikanitoboa nikakifunga, lakini kilichokaribia kunizika ni pole za watu. Naandika haya kwa ajili ya wazee wenzangu waliofikwa na yaliyonifika, na kwa watoto wao, ambao ndio hasa wanaopaswa kusoma. Mkiona nina mdomo mkali, mjue mdomo huu ulipinda ukanyooka, nao haukunyooka kwa upole.

Jina langu la ubatizo ni Naomi. Nilizaliwa Ribe, nikafiwa na mume huko huko, na sasa nakaa Kisauni kwa mwanangu Jeremia, anayefanya kazi bandarini. Kusoma na kuandika nilifundishwa na wamishonari nikiwa msichana. Nashukuru kiharusi kilinichukua upande wa kushoto, la sivyo msingepata hata herufi moja kutoka kwangu.

Nilipigwa asubuhi, mwanzo wa kaskazi, maembe yakianza kuiva. Nilikuwa nimekaa juu ya mbuzi, kile kibao kifupi chenye meno ya chuma, nakuna nazi ya mchuzi. Nusu ya nazi ikaniponyoka, ikabingirika mpaka mlangoni. Nikauambia mkono ukaifuate, mkono haukusikia. Nikataka kumwita Dorkasi, mke wa mwanangu, yakanitoka maneno ya mtu aliyejaza sima mdomoni. Alinikuta nimeanguka ubavu, nazi iliyokunwa imenimwagikia kifuani.

Huko hospitali, ng'ambo kisiwani, nilikuwa mtu mwingine. Nusu ya uso ilishuka. Jicho la kushoto lilitoa machozi bila sababu. Uji ulinitoka pembeni mwa mdomo, nisijue mpaka niuone umelowesha shuka. Nilikuwa mwanamke wa kujipenda, wa kwenda kanisani nimepiga pasi mpaka leso, na sasa nafutwa mdomo kama mtoto. Nililia, sisemi uongo. Tena nililia upande mmoja, maana upande wa pili haukujua kulia vizuri.

Siku ya kutolewa, muuguzi mmoja mwanamke alimwita Jeremia kando ya kitanda changu.

"Mama huyu asilale chali," alimwambia. "Tayari ana kidonda chini ya mgongo, pale anapolalia. Mketisheni. Mkono na mguu mvichezeshe kila siku, hata akipiga kelele. Na kidonda kifungwe dispensari ya kwenu mara mbili kwa wiki. Umesikia?"

"Nimesikia, mama," Jeremia alisema.

Hakusikia. Nilimwona usoni. Alichosikia ni kwamba mama yake ametolewa naye hajaweza kusimama. Kwetu kijana akitolewa hospitali, watu husema amepona. Mzee akitolewa, husema madaktari wameinua mikono. Hawaulizi zaidi. Tulirudi kwa mkokoteni wa hamali, ukipiga kelele juu ya lile daraja la kuelea la Nyali, na Jeremia alitembea pembeni yangu, ameshika kofia mkononi. Nilitaka kumwambia avae kofia yake, hapa hakuna maiti, lakini ulimi ulikuwa bado mzito.

Habari ilitutangulia. Kabla ya magharibi ua wetu ulijaa.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo nilipoponzwa. Mgonjwa anayejuliwa hali sharti awe amelala. Hiyo ni adabu yetu. Mgeni akimkuta mzee mgonjwa ameketi, huona ama hakuumwa kitu, ama nyumba hiyo haimtunzi. Kwa hiyo kila ilipobishwa hodi, Dorkasi alikimbia akanishika mabega, akanilaza chali, akanyoosha miguu yangu na kunifunika leso mpya mpaka kidevuni. Wageni wakakaa mkekani wakinitazama.

"Maskini, amekwisha."

"Si yule Naomi tumjuaye."

"Mungu ndiye ajuaye. Tumwombee apumzike."

Walisema hayo nami nipo, kana kwamba kiharusi kilinipiga masikio. Na chini yangu kidonda kiliwaka moto. Wakiondoka hawa, wakaja wengine kutoka Mtopanga, na wa kutoka Mkomani wakawakuta wa Mtopanga bado wapo. Nililazwa chali kwa heshima zote kutoka alfajiri mpaka taa zinawashwa.

"Niketishe," nilimwambia Dorkasi, ulimi ulipoanza kulegea.

"Mama, watu watasema nakutesa. Juzi mke wa mzee wa kanisa alikukuta umeketi unachambua kunde. Jumapili kanisa zima likanitazama mimi."

"Waache watazame. Kidonda kiko kwako au kwangu?"

Akainama, akanivuta leso kidevuni. Dorkasi si mtu mbaya. Ni mtoto wa watu aliyeolewa mbali na mama yake, na kitu anachokiogopa kuliko simba ni kusemwa. Na kidonda chenyewe hakuwahi kukiona. Aliniosha akigeuza uso ukutani, kwa kuwa uchi wa mavyaa, mama wa mumewe, si kitu cha kutazama. Hiyo nayo adabu. Nilikuwa nakufa kwa adabu.

Dispensari nilipelekwa kwa mkokoteni, mara nyingine kwa kubebwa. Mwenye kufunga vidonda, dresa wetu, alikuwa Mtaita mfupi, mkavu wa maneno. Benchi lake lilikuwa nje chini ya paa la bati. Hapo tulingoja sote: mwenye mtoto wa kifaduro, kuli aliyepondwa kidole bandarini, bwana mmoja wa bara mwenye jipu asiyetaka kusema liko wapi. Mimi sikuweza kukalia kidonda, basi niliegemea tako moja, mguu mbovu nimeunyoosha mbele, malori ya askari yakipita na kututia vumbi. Kungoja kwingi, lakini niwaambie kitu: kwenye benchi lile hakuna aliyeniambia nimekwisha. Kila mtu alikuwa na lake. Yule wa jipu alinisogezea ukuta mzuri wa kuegemea kila tulipokutana, bila neno, nami namwombea heri mpaka leo.

"Bibi, kidonda kinakua," dresa alisema wiki ya tatu au ya nne. "Unalala chali?"

"Nalazwa."

"Nani anakulaza?"

"Adabu," nikamjibu.

Hakucheka. Alikiosha kwa dawa ya zambarau, mimi nikauma leso. Kisha akatafuta kitambaa cha kunifungia, akapata kipande kisichozunguka hata nusu ya kiuno. Vita hii ya Wazungu ilikuwa imemaliza vitambaa. Madukani bafta, kile kitambaa cheupe cha mashuka na sanda, ilikuwa hadithi, na wanawake wa Kisauni walivaa leso mpaka zikaonyesha upande wa pili. "Leteni cha nyumbani," alituambia wote wa benchi. "Safi, kilichochemshwa. Bila kitambaa nitakuwa naosha tu na inzi wanachafua." Nyumbani Dorkasi alikuwa na leso mbili na gauni la kanisani. Kitambaa angekitoa wapi?

Aliyenitoa chali kwanza ni jirani yetu Bi Zuhura. Ni Mwislamu, mtu wa mji wa kale aliyeolewa huku Kisauni, na ulimi wake na wangu ni ndugu. Aliingia siku ambayo hakukuwa na wageni, hakusema pole, alisimama akanitazama.

"Naomi, wewe wafa?"

"Sifi."

"Basi mbona walazwa hivi? Hata samaki kikaangoni hugeuzwa, wallahi." Akamgeukia Dorkasi. "Nawe mwanangu, nipe leso kuukuu."

Akaiviringisha akatengeneza kata, kama ile tunayoweka kichwani tukibeba mtungi, ila kubwa zaidi. Akaniketisha juu yake, kidonda kikaangukia pale kwenye tundu, hakikugusa kitu. Sijui niwaelezeje raha ile. Nilikaa nikatazama mlango na kuku uani, na mkono wangu mbovu nikauweka mapajani niuone vizuri. Nikasema mbele ya Bi Zuhura kwamba mwili huu ni wangu na sitaulaza tena kwa ajili ya macho ya mtu.

Ni rahisi kusema. Joto la kaskazi lilipokuwa linafikia mwisho, Jeremia alikuja akakaa karibu yangu, akawa anafikicha kucha za bandari, zile nyeusi zisizotakata.

"Mama, baba mdogo Ngala ametuma neno kutoka Ribe. Mwisho wa mwezi ujao watakuja na machela wakuchukue, kabla masika hayajaanza. Mvua ikishanyesha barabara ya kule haipitiki."

"Nikafanye nini Ribe?"

"Ukapumzike nyumbani."

"Dresa yuko Ribe?"

Akarudi kwenye kucha zake. Karibu na nyumba yetu ya Ribe hakuna wa kufunga kidonda ila inzi. Alijua, nami nilijua kwamba alijua.

"Mama, sitaki watu waseme nilikuacha ukafia ugenini. Wazee wote wamerudishwa. Bibi alirudishwa. Baba mwenyewe, alipozidiwa, alikataa kutoka kule."

"Mimi nimekufa lini, Jeremia?"

Akalia. Mtu mzima, mwenye kubeba magunia ya meli, alilia mbele yangu. Nilimhurumia na nikamkasirikia, na hasira ilikuwa kubwa zaidi. Nikamwuliza nifanye nini ndipo aamini kwamba siendi kufa. Macho yake yakaenda kwenye mbuzi, imeegemezwa ukutani, haijakaliwa na mimi tangu siku ile.

"Mama," alisema kwa sauti ndogo, "hata nusu ya nazi huwezi kushika."

Basi. Alitaka kunionea huruma, akanipa kazi.

Kesho yake nilimwambia Dorkasi aniwekee nusu ya nazi katika mkono wa kushoto. Ikaanguka. Aliiokota, ikaanguka. Nilitukana kidogo, Mungu anisamehe, kisha nikamwambia aniwekee tena. Alinitazama kama mtu anayetazama mgonjwa wa akili, akaniwekea, machozi yanamtoka, na akaniambia niache kujitesa.

Kilichombadilisha Dorkasi si maneno yangu. Siku ya dispensari iliyofuata, dresa alimwita ndani badala ya kumwacha benchini. "Leo utashika wewe," alimwambia. "Mimi si wa kuja kwenu kila siku." Dorkasi akageuza uso kama kawaida yake. "Mkweo utamheshimu akishapona," dresa akasema. "Sasa tazama."

Akatazama. Nilikuwa nimelala kifudifudi, sikumwona, lakini nilisikia pumzi yake ikikatika. Shimo la kidonda lingeweza kuingia chai ya kikombe kizima. Aliosha mwenyewe, na tulipotoka nje aliegemea ukuta wa yule bwana wa jipu.

"Mama, mbona hukuniambia?"

"Nilikwambia kila siku, mwanangu."

Tangu siku ile aliyebisha hodi nyumbani kwetu alimkuta Dorkasi mlangoni. "Karibuni. Mama ameketi, mje mketi naye." Mke wa mzee wa kanisa alipoguna, nilimsikia Dorkasi wangu akisema wazi, kwa adabu, "Akilazwa anaoza, mama. Nimeona kwa macho yangu." Wageni wakapungua. Waliobaki walikuja kuzungumza, na nilipata habari za mji ambazo mtu aliyelala chali hapewi.

Na nazi? Nazi iliendelea kuanguka. Dorkasi alininyoosha vidole asubuhi na jioni kwa mafuta, kimoja kimoja, nami nikipiga kelele mpaka Bi Zuhura anauliza ng'ambo ya ua kama tunachinja. Ilifika siku vidole vikakunja wenyewe, dhaifu, kama vya mtoto mchanga anayeshika kidole chako. Ikafika siku nazi ikakaa. Lakini kukalia mbuzi ilikuwa vita nyingine. Kushuka nilishuka, kuinuka nikashindwa, na Dorkasi aliponijia nikamfukuza na mwiko. Nilitambaa mpaka kwenye nguzo ya jiko nikajivuta. Nilikaa tena nikajikata vidole kwenye yale meno, damu ikaingia nazini, tukawapa kuku. Kuku wetu walinenepa sana mwisho wa kaskazi ule.

Jeremia hatukumwambia. Alikuwa anatoka gizani na kurudi amechoka, meli za vita hazina Jumapili.

Ngala, shemeji yangu, ndugu wa marehemu mume wangu, alifika Jumamosi na wapwa wawili wenye mabega mapana. Hewa ilikuwa nzito ya mvua isiyoshuka. Machela waliegemeza ukutani, na kapu la Ngala wakaliweka mlangoni mwa jiko. Mimi nilikuwa ndani ya jiko hilo, nyuma ya kuti, na kapu lilikuwa karibu nami kiasi cha kuona lililomo. Juu kulikuwa na mihogo. Chini ya mihogo palikuwa na kitambaa cheupe kilichokunjwa, kipya, bafta. Nilijua ni cha nini. Hakuna anayemletea bikizee bafta nyeupe ashone gauni.

"Mgonjwa yuko wapi?" Ngala aliuliza.

"Yupo, baba," Dorkasi akasema. "Mmetoka mbali. Naweni mikono, mle kwanza."

Jeremia alikuwepo siku hiyo, amekaa nao mkekani kama mtu anayengoja kunyolewa kwa kisu butu. Dorkasi aliwapelekea sima ya ule unga wa manjano wa wakati wa vita, na kunde za nazi. Wakamega. Kisha nikamsikia Ngala akitema kitu kiganjani.

"Mwanangu," alimwambia Dorkasi, "mama yako hakukufunza kukuna nazi? Umekuna mpaka kwenye kifuu. Tui limekuwa jeusi, na vigaga vinanikwama kooni."

Mmoja wa wapwa akacheka ndani ya sima yake.

"Dorkasi, leo vipi?" Jeremia aliuliza, ameona aibu. "Wageni hawa."

Mtoto yule anayeogopa kusemwa kuliko simba alisimama pale, akasemwa na wanaume wanne wa nyumba, mkwe na mume wakiwemo, akaangalia chini na kunyamaza, kwa sababu jibu halikuwa lake. Sitamsahau kwa hilo.

Nikatoka. Fimbo mkono wa kulia, na katika mkono wa kushoto nusu ya nazi niliyobakisha. Nilitembea polepole, mguu ukiburura, mpaka ukingo wa mkeka.

"Nazi hiyo nimeikuna mimi, shemeji. Nisamehe vigaga. Mkono bado haujui pa kuishia."

Hakuna aliyetafuna. Ngala alitazama mkono wangu, akatazama nazi, akatazama uso wangu uliobaki umepinda kidogo pembeni. Ni mtu mwema Ngala, nimemjua tangu akiwa kijana wa kugema, na niliona anatafuta neno la adabu kwa hali ambayo adabu yetu haijaitungia neno.

Aliyejitikisa kwanza ni Jeremia. Alivuta bakuli la kunde mbele yake akala, na vigaga vyake na weusi wake, haraka haraka, kama mtu aliyeshinda njaa, machozi yakimdondokea bakulini. Alipomaliza alifuta bakuli kwa sima.

"Baba mdogo," alisema bila kuinua kichwa, "mama haendi."

"Naona," Ngala akasema.

"Bado kitu kimoja," nikasema mimi. "Shemeji, ile bafta iliyo kapuni chini ya mihogo, naiomba."

Uso ulimbadilika. "Ni kitambaa tu, shemeji. Ni..."

"Najua ni cha nini. Siku hizi bafta haipatikani, najua umehangaika kuitafuta kwa ajili yangu, na nakushukuru kwa moyo wote. Si ulileta yangu? Nipe."

Alikwenda akaichukua, akanipa kwa mikono miwili, na mimi nikaipokea kwa miwili yangu. Jioni walirudi Ribe. Machela yao ilibeba nazi ambazo Dorkasi aliwafungia.

Jumatatu nilikwenda dispensari kwa miguu, kwa kusimama njiani, Dorkasi ameshika kitambaa tulichokichemsha. Dresa alikipapasa akauliza tumepata wapi mali kama hii. Nikamwambia nimerithi. Akakichana, bafta mpya ikichanika hutoa sauti nzuri sana, akanizungusha kiunoni mara mbili, na ikabaki. Iliyobaki tuliwagawia wa benchi, kuli wa kidole akapata chake. Masika yalinyesha, barabara ya Ribe ikakatika kama walivyosema, na kusi lilipoanza kuvuma kidonda kilikuwa kimebaki tundu dogo kama punje ya kunde. Kusi halijaisha kikaziba.

Kwa hiyo wewe uliyetoka hospitali, keti. Wakikulaza, keti tena. Na wewe mwanawe, inua hiyo nguo utazame, hata kama unaona haya.

Ngala alitutembelea majuzi, mvua za vuli zikianza. Nilimpikia kunde za nazi mwenyewe, vigaga vimepungua lakini vipo, naye akala bila neno. Alipokuwa anaaga aliniuliza, taratibu, kama ile bafta bado nimeiweka.

"Imekwisha, shemeji," nilimwambia. "Ukitaka kunizika itakubidi utafute nyingine, na vita bado haijaisha."